Gugu Ninalolipanda kwa Makusudi

Wakati wa mapumziko ya mchana kazini, mwenzangu mmoja alinisogezea pakiti ndogo ya mbegu juu ya meza. Pakiti ilikuwa na picha ya maua mekundu yenye njano katikati, na kipepeo wa rangi ya chungwa ametua juu yake.

"Hizi hazina masharti," akaniambia. "Unafukia leo, wiki ijayo zimeota. Achana na habari za friji."

Habari za friji alizisikia kwangu. Nilikuwa na mfuko wa plastiki kwenye droo ya chini ya friji yangu hapa Des Moines, Iowa, umelala kati ya ndimu na dagaa. Ndani yake mlikuwa na mchanga mbichi na mbegu za milkwidi ya hapahapa, gugu linalolisha viwavi wa kipepeo kama huyo wa kwenye pakiti. Niliziweka Februari, na mpaka siku hiyo hazikuwa zimefanya lolote la kuonekana kwa macho.

Nilimshukuru, nikaitia pakiti kwenye mkoba.

Lakini maneno yake yaliniachia swali ambalo halikuniacha kwa wiki kadhaa. Kama kiwavi anakula majani ya mmea wake na ya mmea wangu vilevile, kwa nini nihangaike na mbegu inayodai baridi kwanza?

## Baridi yenyewe iwe na maji

Milkwidi ni mmea wa utomvu mweupe. Ukichuma jani, linatoka tone zito linalonata vidoleni. Kipepeo aitwaye monaki hutaga mayai kwenye jamii hiyo ya mimea tu, kwa sababu viwavi wake hawawezi kuishi kwa majani ya kitu kingine. Mmea ukikosekana, kipepeo hayupo.

Aina niliyoanza nayo ni Asclepias syriaca, ile ya kawaida ya kandokando ya barabara. Maganda yake hukomaa Septemba na Oktoba. Ganda la kuvuna ni lile linalokaribia kupasuka: ukiubonyeza mshono kidogo kwa kidole linafunguka lenyewe, na mbegu za ndani zimeshakuwa za kahawia. Likikataa kufunguka, liache, bado changa.

Ndani mbegu zimepangana kama magamba ya samaki. Kila moja ni bapa, ina ukingo mwembamba kuizunguka, na imeshika kishungi cha nyuzi nyeupe ambazo bado zimebanana na kung'aa kwa unyevu. Hapo ndipo penye ufundi wote. Unakishika kishungi kwa nguvu upande wa ncha, kisha unapitisha kidole gumba kwenye mbegu, nazo zinaachia moja baada ya nyingine, sufi inabaki mkononi. Ukichelewa siku mbili tatu, nyuzi zikishakauka na kufunguka, upepo mdogo wa mlango unatosha kuzitawanya nyumba nzima.

Kisha zinaanikwa ndani mpaka zikauke. Baada ya hapo ndipo friji.

Watu wengi huziweka friji zikiwa kavu, wakashangaa kwa nini hazikuota. Baridi kavu huitunza mbegu tu, haiiamshi. Mbegu lazima iwe imekunywa maji, halafu ikae kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi kwa siku 30 au zaidi. Wengine huziacha wiki 6. Mchanga uwe na unyevu kiasi kwamba ukiufinya mkononi haudondoshi tone. Maji yakizidi, ukungu unaingia. Na ni friji ya kawaida, wala si friza.

Sababu ukiifikiria inaeleweka. Mbegu inaanguka mwishoni mwa Septemba. Siku za jua bado zipo, udongo bado una joto, mvua inanyesha. Ingeota wakati huo, mche wenye majani mawili ungekutana na Novemba ya Iowa na kufa. Kwa hiyo mbegu haiamini joto la kwanza inaloliona. Inasubiri mpaka baridi ndefu yenye maji ipite, ndipo ilikubali joto linalofuata.

Kwetu mbegu ya mlusina tunaimwagia maji ya moto ndipo iote. Hapa ni kinyume chake, na ilinichukua muda kuuzoea utaratibu wa kuijali mbegu kwa kuiweka mahali pa baridi na kuondoka.

## Mmea usiojua kulala

Ile pakiti ilikuwa ya Asclepias curassavica, milkwidi ya tropiki, asili yake Meksiko na Amerika ya Kati na Kusini. Haihitaji baridi. Inaota haraka, inatoa maua mwaka uleule, na viwavi wa monaki wanaila vizuri tu.

Hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa nimeshasoma maonyo yake. Kwenye maeneo ya joto, kama Florida kusini, pwani ya Texas na California, mmea huu haufi wakati wa baridi. Unabaki na majani mwaka mzima, baadhi ya vipepeo wanaacha kuhama na kuendelea kutaga hapohapo. Kuna kimelea kiitwacho Ophryocystis elektroscirrha, ambacho vijidudu vyake humwagika kutoka mwilini mwa kipepeo mgonjwa na kubaki juu ya jani. Kiwavi anavila pamoja na jani. Milkwidi ya asili ikinyauka majira ya baridi, majani machafu yanaondoka nayo. Ya tropiki hainyauki, na ugonjwa unalimbikana.

Hoja nzuri. Lakini mimi naishi Iowa. Baridi ya Oktoba inaiua curassavica mpaka mizizi. Hoja ya Florida siwezi kuichukua nzima nzima nikaitundika hapa kwangu, eti kwa kuwa inanipa ushindi.

Nikabaki na swali lilelile, ila sasa limepungua na kunoga zaidi: kama hapa haidhuru sana, je, inafaa?

Jibu nililolipata ni la taratibu na halina kishindo. Curassavica hapa ni mgeni wa miezi minne au mitano. Kila mwaka utanunua mbegu upya au miche upya, na miche ya dukani mara nyingine huwa imetiwa dawa ya wadudu inayobaki ndani ya majani, ikamuua kiwavi uliyemkusudia. Wakati syriaca ikishashika inarudi yenyewe kila Mei, kabla sijakumbuka hata kutoka nje kuangalia, na inatambaa chini kwa chini hadi shina moja linakuwa kundi. Siku nikihama nyumba hii, au nikiwa sipo, inaendelea.

Nilichokuwa nakitafuta ni hicho, mmea usionihitaji.

## Shamba safi

Nimekulia Muheza, na mama yangu alimpima mtu kwa shamba lake. Palizi ya kwanza, palizi ya pili, na mtu ambaye mahindi yake yalisimama katikati ya majani alizungumzwa. Shamba safi lilikuwa heshima ya nyumba. Mpaka leo nikipita mahali penye udongo mweusi uliopaliliwa vizuri moyo wangu unatulia.

Iowa ndiyo jimbo linaloongoza Marekani kwa mahindi. Zamani nchi hii ilikuwa mbuga ya nyasi ndefu, na zaidi ya asilimia 99.9 ya mbuga hiyo ililimwa. Nilidhani hapo ndipo milkwidi ilipopotea. Sivyo.

Milkwidi iliishi mashambani, katikati ya mahindi. Majembe ya trekta yalikata mashina, lakini mizizi inayotambaa chini ilibaki, ikachipua tena mwezi wa Juni majani mapya laini. Na monaki wanayapenda majani mapya. Watafiti wawili, John Pleasants wa Iowa State University na Karen Oberhauser wa University of Minnesota, walionyesha kwamba mimea iliyokuwa ndani ya mashamba ilipata mayai mengi zaidi kwa kila shina kuliko ile ya nje ya mashamba.

Hii niliisoma mara mbili, nikaweka simu chini.

Kumbe kitalu cha vipepeo kilikuwa ndani ya mahindi, kwenye yale majani ambayo palizi ilishindwa kuyamaliza.

Kisha mwaka 1996 ikaja soya isiyodhuriwa na dawa ya magugu iitwayo glaifosati, na mwaka 1998 mahindi ya aina hiyohiyo. Mkulima akaweza kupulizia shamba zima, mazao yakabaki, magugu yakafa mpaka mzizi. Kwa makadirio ya watafiti hao wawili, kati ya 1999 na 2010 milkwidi katika ukanda huu wa kati wa Marekani ilipungua kwa asilimia 58, na idadi ya monaki wanaozalishwa hapa ikashuka kwa asilimia 81. Monaki walishuka kwa kasi kuliko mmea wenyewe, maana mashina yaliyoondoka ndiyo yaliyokuwa yakibeba mayai mengi.

Siwezi kumlaumu yule mkulima. Alitaka alichokitaka mama yangu. Angepewa mama yangu mwaka ule chupa inayomaliza palizi kwa asubuhi moja, na mgongo wake ulivyokuwa unamuuma, angeichukua, na mimi ningemshangilia.

Ndiyo maana jambo hili lilinisumbua kuliko lile la mbegu. Nimelelewa kuamini kwamba jani lisilo la chakula ni uzembe. Sasa najifunza kwamba jembe, kwa udhaifu wake, lilikuwa linaacha kitu nyuma, na kile lilichoacha kilitosha kulisha vipepeo wa nusu ya bara.

Nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na hilo gugu lako limeota?"

Nikamwambia bado, liko kwenye friji. Akanyamaza kidogo.

"Kiwavi wa Marekani ninayemjua mimi ni yule aliyetumalizia mahindi," akasema. "Huyo wako akishamaliza hayo majani yake, anakwenda wapi?"

Ana haki ya kuuliza. Kiwavijeshi vamizi asili yake ni huku, aliingia Afrika 2016 na Tanzania mwaka uliofuata, na mama alikuwa akipita mstari kwa mstari akiwatoa kwa mkono na kuwaponda. Nikamweleza kwamba huyu hagusi mahindi, akikosa milkwidi anakufa njaa.

"Hata mchicha haonji?"

"Hata mchicha, mama."

"Basi huyo ana adabu," akasema, na tukaendelea na habari za harusi ya mtoto wa mjomba.

## Sufi

Kuna jambo moja nililigundua njiani ambalo sikulitafuta, na ningependa kuliweka hapa.

Sisi watu wa Tanga tunalijua godoro la sufi. Msufi unaangusha maganda, unayapasua, unatoa sufi na mbegu zake nyeusi, unaanika. Sufi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikijazwa kwenye majaketi ya kuokolea watu majini, kwa sababu ni nyepesi na haipitishi maji upesi. Marekani waliipata kwa wingi kutoka kisiwa cha Java. Japani ilipoiteka Java mwaka 1942, shehena zikakatika katikati ya vita.

Wakageukia milkwidi. Nyuzi zake nazo ni tupu ndani na zimepakwa nta ya asili, zinaelea. Kiwanda kikajengwa Petoskey, Michigan, na watoto wa shule wakatumwa kandokando ya barabara na kwenye mashamba kukusanya maganda, wakayajaza kwenye magunia ya kitunguu na kuyatundika kwenye nyua yakauke. Waliambiwa magunia mawili yanaokoa maisha ya mtu mmoja.

Vita vilipokwisha, mmea ukarudi kuwa gugu.

Nilipokuwa nachambua ganda la kwanza hapa jikoni kwangu, vidole vilikuwa vinaijua kazi kabla sijafundishwa. Nilishaifanya utotoni chini ya msufi.

## Mashina zaidi ya bilioni

Shaka kubwa zaidi ilikuja mwisho.

Monaki wa upande huu wa mashariki wa Amerika Kaskazini hukusanyika Meksiko kila majira ya baridi, kwenye misitu ya miti iitwayo oyameli, juu ya milima ya Michoacán na jimbo la Meksiko, kama mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Hawahesabiwi mmojammoja, hupimwa eneo la msitu walilolifunika. Majira ya 1996 hadi 1997 walifunika hekta 18 hivi. Majira ya 2013 hadi 2014, hekta 0.67. Majira ya 2023 hadi 2024, hekta 0.9, na yaliyofuata, 1.79. Lengo la serikali ya Marekani lililotangazwa 2015 lilikuwa hekta 6.

Kufika hapo, watafiti walikadiria kwamba inahitajika nyongeza ya mashina zaidi ya bilioni moja ya milkwidi katika ukanda huu. Na walisema wazi kwamba bustani za mjini peke yake hazitoshi. Bila mashamba, hesabu haifungi.

Mimi nina kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ya kupanga.

Kwa siku nyingi nilikuwa nikifungua friji, nauona ule mfuko, nafunga. Nilikuwa najiuliza kama ninachofanya ni kazi au ni kujiliwaza tu. Na sijaimaliza shaka hiyo. Ila nimeona kitu kimoja: jike la monaki halihitaji msitu, linataga yai moja moja, jani hili, shina lile, likiruka katikati. Kikundi kidogo cha mashina nyuma ya nyumba si sehemu isiyoonekana ya bilioni. Kwa jike lililopita mtaa mzima wenye nyasi zilizonyolewa, ni mahali pa kutaga jioni hiyo.

Marafiki wa hapa hupenda kutufananisha sisi wageni na monaki. Wanasema kwa upendo na ninaupokea upendo. Lakini monaki anayeondoka Iowa Septemba hajawahi kuiona Michoacán. Aliyetoka huko Machi alikufa baada ya kutaga Texas au karibu na huko. Huyu wa Septemba ni kitukuu wake au kilembwe. Anakwenda mahali ambapo hakuna aliye hai aliyewahi kumsimulia. Mimi namkumbuka mama yangu kwa sauti. Safari yake na yangu hazifanani, na yake inanistaajabisha zaidi nikiiacha ilivyo.

## Kwenye uzio

Mbegu zilipotoka kwenye friji nilizisia kwenye vikopo virefu, maana mzizi wa kati unashuka upesi na haupendi kusumbuliwa. Nusu sentimita ya udongo juu, basi. Mahali pa joto la nyuzi 24 hivi zinaota ndani ya wiki moja au mbili. Kwanza udongo unapasuka kidogo, halafu shingo ya kijani iliyojikunja inainuka, na mara nyingine ganda la mbegu linabaki limeng'ang'ania ncha za majani. Msilivute. Maji yapitie chini ya kopo, na hewa ipite, la sivyo ugonjwa wa kinyausi unakata miche kwenye usawa wa udongo usiku mmoja.

Miche ikawa mingi kuliko nafasi niliyonayo. Nikaipeleka kwenye bustani ya pamoja ambako familia nyingi za Kikongo na Kirundi zinalima lengalenga, maharage na mahindi meupe. Mzee mmoja wa Uvira alichukua jani, akalivunja, akaangalia maziwa yakitoka.

"Dada, hii ni sumu," akasema. "Mbuzi akikula hii, anakufa."

Ni kweli, na nilimwambia ni kweli. Utomvu huu una sumu inayoshika moyo, kiwavi anaihifadhi mwilini na ndege wakamkwepa. Ukiingia jichoni unaumiza vibaya. Hakuna mbuzi pale, ila kuna watoto.

Tulizungumza kwa muda mrefu. Yeye alitaka kujua kama itaingia kwenye mistari yake. Syriaca ingeingia, hiyo siwezi kumficha. Kwa hiyo tukakubaliana syriaca ibaki kwangu, na pale iende Asclepias incarnata, inayokaa kichaka kimoja bila kutambaa na kupenda udongo wenye maji, kwenye uzio wa upande wa mtaro. Yeye mwenyewe alichimba mashimo.

Mwaka wa kwanza hazikutoa maua, na hilo ni la kawaida.

Msimu ujao nitaacha friji ipumzike kidogo. Mbegu nyingi nitazisia nje Novemba, udongo ukiwa bado haujaganda, na majira ya baridi yatafanya kazi yake yenyewe. Kama unaishi Minnesota, Ohio, Missouri au popote ukanda huu, nawe ukayaona maganda ya kijivu kando ya barabara yakianza kupasuka, chukua machache tu na uyaache mengine kwenye shina. Andika kwenye bahasha aina yake na mahali ulipoyatoa, na ujitahidi kuzisia karibu na hapo. Mbegu ya Texas imezoea baridi ya Texas, usiitegemee Duluth, kule kaskazini mwa Minnesota.